Vimulimuli vya Maren

Kiangazi kile niliwapikia wanafunzi wa hesabu, kwenye bweni la kando ya ziwa, kaskazini mwa Minnesota. Kazi nimefanya nyingi na nchi nimezizunguka, lakini sikuwahi kuona watu wanaoajiriwa kuwaza.

Maren Aldquist, binti wa muuza mbegu wa Nebraska, alichora kwa chaki hata sakafuni barazani: nukta, na mistari ya kuziunganisha. Profesa Halvorsen alikuwa amempa masharti matatu, achunguze michoro inayoyatimiza. Maren akaiita vimulimuli. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia maji, alikuja jikoni kunieleza jambo jipya alilolithibitisha: kimulimuli hakikatiki vipande viwili, kimulimuli hutosheka kwa rangi tatu, bila nukta mbili jirani kufanana rangi. Nilikoroga uji wangu nikiviona vikielea.

Ijumaa angehutubia wote, na kwa hotuba hiyo Halvorsen angeamua kama atamdhamini kwenda kusomea udaktari wa hesabu. Chuo chake kilikuwa kidogo, hakina jina. Mlango mwingine hakuwa nao.

Jumatano, wakati wa chai, mwenzake Teo Villarreal akamwomba amchoree kimoja cha kutia kwenye fulana za kundi. Maren akachora, akafuta. Akachora tena, akafuta. Chai ikapoa.

"We Maren," Teo akasema, "usiniambie hujawahi kukiona hata kimoja."

"Nilichosema nimekithibitisha kwa vyote."

"Vyote vingapi, mama?"

Jioni Maren alikuja jikoni akakaa juu ya gunia la viazi, akaniambia havipo. Masharti yale hayakai nyumba moja. Nikamuuliza, kwa hiyo yale yote yalikuwa uongo? Akasema hapana, ni kweli tupu, na hilo ndilo balaa: kitu kisichokuwepo ukikisemea lolote, hakuna wa kukusuta.

"Ningeweza kuthibitisha kwamba vinaimba, Gus."

Nikadhani ataugua siku ya Ijumaa. Hakuugua. Alisimama ubaoni akavieleza vimulimuli kimoja baada ya kingine, polepole, mpaka chumba kizima kikawa kama watu waliosinzia macho wazi. Kisha akaonyesha kwamba rangi tatu zinakitosha kila kimulimuli, na papo hapo, kwa njia nyingine, kwamba haziwezi kukitosha. Akaweka chaki chini. Akasema, basi, havipo.

Halvorsen alikuwa mbele, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Akamuuliza amejua lini. Maren akasema juzi, Teo alipotaka fulana. Watu wakacheka, Halvorsen hakucheka.

"Masharti hayo niliyatunga mimi," akasema. "Miaka yote hii sijachora hata kimoja. Nitakudhamini, wala usihangaike." Akautazama ubao. "Lakini hebu irudie ile ya kutokatika."

Maren akairudia. Sote tulijua tunasimuliwa habari za kitu kisichokuwepo, na hakuna aliyeinuka.