Mkalimani wa Kanisa Zima

Kostansia hakutulia kitini tangu mgombea alipoingia kanisani. Mara arekebishe kitenge, mara ageuke kutazama mlango, mara ajifanye anatafuta wimbo kitabuni. Delfina, aliyekaa naye benchi moja, alimuuliza kama anaumwa tumbo.

Tumbo lilikuwa zima. Kilichomsumbua ni yule mgeni. Bi Whitcomb, mwanasheria mwenye mvi, alikuwa anagombea ujaji wa mahakama ya familia hapa Louisville, Marekani, ambako majaji hupigiwa kura, na siku hizi wagombea wamegundua kwamba Wakongo wa mtaa wa Okolona nao wamepata uraia na wana kura. Angekuwa anagombea kiti kingine chochote, Kostansia angempigia makofi na kumsahau. Lakini mahakama hiyo ndiyo inayoshughulikia watoro wa shule, na juzi tu mshauri wa shule alikuja mlangoni kumwonya kwamba binti yake Josiane akikosa masomo tena, mama na binti wataitwa huko.

Na nani aliyesimama mbele kumtafsiria mgombea? Josiane huyohuyo. Pasta Salomon hakuona tatizo lolote. Kanisa halikuwa na mkalimani mwingine wa maana, na utoro wenyewe ulianzia hapo: kila aliyekuwa na miadi ya daktari au shida ya ofisini alimwomba Kostansia amwazime mtoto. Hospitali zina wakalimani wa bure kwenye simu, ndiyo. Lakini nani atasimulia habari za kibofu chake kwa mtu asiyejua ni wa ukoo gani? Huenda ni shemeji ya jirani! Kwa hiyo Josiane alikwenda. Kostansia hakukataa, na kusema kweli hakutaka kukataa, maana alipenda jinsi watu walivyomwita Mama Josiane kwa heshima.

Mgombea alieleza kwamba alikuwa mwalimu kabla ya kusoma sheria, kisha akawatetea watoto mahakamani kwa miaka mingi. Mpinzani wake anataka wazazi wa watoro watozwe faini. Yeye hataanza na faini.

"Kabla sijamwadhibu mtu," Josiane alitafsiri kwa sauti safi, "nitamuuliza mtoto mwenyewe: asubuhi ile ulikuwa wapi?"

Kostansia alifunga kitabu cha nyimbo. Faini angeilipa huku akilalamika, ikaisha. Swali hilo ndilo lililomtisha.

Basi Pasta, badala ya kufunga ibada, akafungua shuhuda, maana kwao mgeni haondoki bila kusikia aliyoyatenda Mungu. Kostansia alimvuta Delfina kitenge. Alichelewa, mwenzake alikwisha simama.

"Bwana asifiwe! Bon, miye nashukuru Mungu juu ya mutoto Josiane. Mardi, Jumanne hii, alinipeleka ku docteur wa macho, akashinda na miye mpaka mangaribi. Donc, Mungu amubariki sana!"

"Amina!"

Mzee Polycarpe naye akainuka: Josiane alimfikisha ofisi ya bima Jumatano. Kisha mwingine, na mwingine. Makofi yakalia. Walikuwa wanampamba, maskini, na kila pambo lilikuwa siku ya shule. Josiane alitafsiri yote bila kuruka, ingawa mama yake alikuwa anaomba kimoyomoyo aruke. Sauti yake ilizidi kushuka.

Bi Whitcomb aliacha kutabasamu. Akamgeukia msichana, akamuuliza jambo kwa Kiingereza, taratibu. Josiane akajibu kwa neno moja. Akaulizwa tena, mara hii jibu likawa refu.

Kanisa likasubiri tafsiri. Haikuja.

"Wamesema nini?" Pasta aliuliza. Watu wakatazamana. Wa kuwaambia alikuwa mmoja tu.

"Josiane, utuambie," Kostansia akasema.

"Aliniuliza kama napenda hii kazi." Binti alikuwa anatazama viatu vyake. "Nimesema nimechoka, mama. Nimesema najua magonjwa ya watu wote humu, na hesabu ya darasani sielewi tena."

Delfina, aliyekuwa bado amesimama, akakaa. Kostansia aliwaka hasira: hasira kwa Delfina, kwa mzee Polycarpe, kwa huyu mwanamke na maswali yake. Ikazunguka kote, ikakosa pa kutua, ikamrudia. Ni yeye aliyemwazimisha mtoto wake kila nyumba, kama sufuria kubwa ya sherehe. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

Pasta alimnong'oneza Josiane amwambie mgeni kwamba ni uchovu wa kawaida tu, wa ujana. Josiane akafungua mdomo.

"Usitafsiri," Kostansia alisema. "Shuka, uikale ku benchi."

Akapita katikati ya viti, akachukua kipaza sauti mkononi mwa binti yake. Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani anakofunga mizigo, maneno ya kuhesabika. Bi Whitcomb alimsubiri. Kostansia akamwambia yale anayomwambia msimamizi sanduku linapomponyoka na kuvunjika: kosa ni langu.