Watalii Wasiosema

Aprili 2015, wiki ile wageni kutoka nchi nyingine za Afrika walipokuwa wakipigwa Durban, Afrika Kusini, na maduka yao kuvunjwa, familia yetu ilifanya jambo ambalo sidhani familia yoyote ya Warundi wa mtaa wetu wa Greyville ilikuwa imelifanya: ilikwenda kutalii.

Mkakati ulikuwa wa Baba. Saluni ya Mama mjini ilikuwa imefungwa, na jirani alikuwa ametunong'oneza kwamba nyumba yetu imetajwa kati ya zitakazovamiwa. Jioni tungeondoka pamoja na familia nyingine kuelekea mpakani. Shida ilikuwa mchana. Gerejini kwa Baba kulikuwa na kombi kuukuu yenye vitanda na jiko ndani, mali ya mzee mmoja wa Pinetown, aliyepiga simu mwenyewe akasema, "Vénérand, ichukue, ondokeni."

"Mtu mwenye nyumba juu ya magurudumu na mbwa wawili haitwi mkimbizi," Baba alituambia. "Anaitwa mtalii. Tutakaa ufukweni, mbele ya macho ya watu wote."

Sharti lilikuwa moja. Nje ya gari, asifungue mdomo mtu yeyote isipokuwa mimi. Kiingereza changu kilipikwa na masista wa shule ya bweni hadi kikaiva. Cha wazazi wangu kilinukia Bujumbura tangu neno la kwanza. Basi nikateuliwa, bila kura, kuwa Msemaji wa Familia.

"Belinda," Mama alisema, "leo usilete vichekesho vyako. Tukisikika, tumekwisha."

Nilimwahidi. Ahadi ilidumu hadi tulipofika maegesho.

Mlinzi wa magari alitupokea, kijana mwembamba mwenye kizibao cha kung'aa, mmoja wa wale wanaokuelekeza kwa mikono namna ya kuingiza gari hata kama uwanja mzima u wazi. Alisema kwa Kiingereza kwamba anaitwa Sipho.

"Huyu ni baba yangu," nilimjibu kwa Kiingereza cha masista. "Ni jaji mstaafu wa Johannesburg. Amefanyiwa upasuaji wa koo, haruhusiwi kusema."

Sipho alizitazama kucha za Baba, nyeusi kwa oili. "Pole kwa jaji," akasema. "Na mama?"

"Ameweka nadhiri ya kunyamaza. Ni mtu wa sala sana."

"Na mbwa?"

"Waziri na Balozi. Hao wana kinga ya kidiplomasia, hubweka wapendavyo."

Hakucheka. Alisema tu kwamba gari la jaji ataliangalia kama lake.

Tukatalii. Tulitembea kwenye njia ya ufukweni kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, Jaji mbele, Mtu wa Sala nyuma, mimi katikati na kamba mbili za mbwa. Tulisimama mbele ya simba aliyechongwa kwa mchanga, tukampiga picha. Tulisoma kibao kinachokataza mbwa kushuka majini, na Waziri akainua mguu akakikojolea. Watu walipita na aiskrimu zao. Kwa mbali, upande wa mjini, moshi ulipanda, na Mama akageuza kichwa chake kuelekea bahari akabaki hivyo.

Tulikula mkate ndani ya kombi, mapazia yakiwa yamefungwa. Hapo tu ndipo tuliposema, kwa kunong'ona.

"Bado saa ngapi?" Mama aliuliza.

"Zimebaki chache," Baba akasema. "Tumefanya vizuri."

Nilipofungua mlango niwatoe mbwa wakojoe, Balozi alichomoka. Kamba ilinichana kiganja. Alikuwa amemwona njiwa, na njiwa alikuwa ng'ambo ya barabara.

Nilimwita kwa Kiingereza. Nilimwita kwa Kizulu changu cha darasani. Nilipiga mbinja. Lakini Balozi alilelewa gerejini, na gerejini hakuna aliyewahi kumsemesha kwa lugha hizo. Alikuwa anashuka barabarani, na basi lilikuwa linakuja.

"Balozi! Rudi! Rudi hapa, we mbwa!"

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya Jaji, kwa Kiswahili, sauti ya mtu aliyezoea kuita katikati ya kelele za injini. Balozi alisimama, akageuka, akarudi mbio. Basi lilipita.

Kwenye kibanda cha vinywaji vijana watatu walikuwa wamegeuka pia. Mmoja aliweka chupa yake chini, taratibu.

Sipho alifika dirishani kwa Baba kabla sijafunga mlango.

"Mzee, mutoke," alisema, kwa Kiswahili cha Kongo. "Iko vijana pale, bamesikia. Washa gari."

Baba alimkodolea macho. Mimi pia. Siku nzima tulikuwa tumedanganyana kwa Kiingereza, wote kwa woga uleule.

"Wewe ni wa wapi?" Mama akauliza.

"Uvira. Jina ni Ildephonse. Mama, hakuna wakati."

"Panda basi," Baba akasema. "Nafasi ipo."

"Muke yangu na mutoto bako kule Point, bananingojea. Nikienda nanyi, nani atabaambia?"

Akageuka. Vijana walikuwa karibu kuliko alivyodhani, na kwa jinsi walivyomtazama nilijua kwamba yeye pia amesikika. Ildephonse aliwaendea, akainua mkono mmoja, kama anavyosimamisha magari ili mengine yatoke. Kombi ilitoka.

Tulifika kwenye taa za barabarani, roboti kama tunavyoziita huku, zikawa nyekundu. Nilifungua pazia la nyuma. Kizibao kilikuwa bado kinaonekana kati ya wale watatu. Kisha wakawa wanne, watano, na kizibao kikashuka chini.

"Baba," nilisema, "rudi. Yuko peke yake."

"Vénérand," Mama alisema, "endesha." Alikuwa analia.

Mikono ya Baba ilikuwa juu ya usukani. Taa ikawa kijani, naye hakuondoka. Gari la nyuma likapiga honi. Alitazama kioo cha pembeni kwa muda ambao ungemtosha kugeuza kombi. Honi ikapigwa tena, ndefu.

Kisha akaingiza gia, tukaondoka.