Mikanda ya Miguu

...na bado anatabasamu, mshenzi huyu, anakanyaga majani ya mlima wa Billing kwa viatu vyake vipya kana kwamba mlima haumjui, kana kwamba si yeye aliyekuja hapa miaka miwili iliyopita na kalamu yake akaandika kwamba Chuni Lal, rubani wa bawa la kitambaa, alimrusha abiria bila kumfunga mikanda ya miguu, mstari mmoja tu, akapiga muhuri, akashuka bondeni kunywa chai, na leo bwana mkaguzi amestaafu, anataka kuruka, na kati ya marubani wote zamu imemwangukia Nikka, mdogo wake Chuni, wala hata jina hakuuliza... "We kijana, tunangoja nini?" Kijana nani, Nikka ana miaka thelathini na minane, "Upepo, sahibu, bado unatoka nyuma, tukiruka sasa utatubwaga," mdomo asali, moyo shubiri, akaukaza mkanda wa kifua mpaka mzee akakohoa, akohoe tu, alishafungwa barabara tangu mwanzo, kisha mzee akajifungua mikanda yote akaenda kukojoa nyuma ya mawe, baridi imemkamata kibofu, akarudi akilalamika kwamba mlima mzima hauna choo, na Nikka akamvalisha tena akiuma meno, kifua, kulabu ya kulia, ya kushoto, zote mbili kwenye bawa, kila kitu kinavutwa kwa mkono, Chuni ndiye aliyemfundisha, macho huona yanachotaka kuona, usiyaamini, na bizimu moja ikifunguliwa anza upya kuanzia miguuni, hata kama umeitwa na mama yako mzazi, mtu wa namna hiyo ndiye asahau? Siku ile abiria alipochomoka kitini angani Chuni alimkumbatia kwa mikono na miguu, hakumwachia, wakaingia wote kwenye mierezi, mkanda ulikatika, ukoo mzima unasema ulikatika, lakini maiti hajitetei, na huyu akala pensheni yake kwa raha... "Siku hizi mnafuata utaratibu, au bado ni ushenzi wenu ule?" "Tunafuata, sahibu." Mungu anisamehe, ningemtemea mate. "Kaka Nikka," msaidizi wake Sunku akaita kutoka nyuma, anakoshikilia bawa, "utepe wa upepo umeinuka, upepo mzuri huo, nenda," na Nikka akafungua kinywa kusema kimbia, hatua nne tu na mteremko unaanza, mkono ukashuka wenyewe kwenye paja la mzee, kwa mazoea, ukavuta, ukaambulia hewa tupu. Bizimu ya mguu inaning'inia, haijafungwa. Ya pili nayo. Hakuna aliyeona, Sunku yuko nyuma, mzee anatazama bonde, na Nikka akajichunguza moyoni akitafuta kama alikusudia, angalau iwe kusudi, hapana, hakukusudia, hakuwepo tu, mikono ilikuwa kazini na yeye alikuwa kule kwenye mierezi akila nyama ya mtu huyu mbichi, basi ni rahisi hivi, ni rahisi kiasi hiki, hata anayejua kazi, hata Chuni... na Chuni asubuhi ile alikuwa wapi, nani alikuwa kichwani mwake, na hapo likamjia lile ambalo kwa miaka miwili amelipita kando, jikoni, chai, ugomvi wa kondoo wa baba aliowauza Chuni, na sauti yake yeye Nikka ikisema umemla baba akiwa hai, nenda kacheze na upepo wako, usirudi, na Chuni akaweka kikombe chini kimejaa, akapanda mlimani... "Kuna nini tena?" "Tulia, sahibu. Naanza upya." Akapiga magoti kwenye majani yenye umande, akafunga mguu wa kushoto, akavuta, akafunga wa kulia, akavuta, akavuta tena, mzee aliandika kweli, hakudanganya hata neno, hakuyaandika mengine kwa sababu aliyeyajua alikaa kimya msibani akipokea pole, "Kaka, upepo ungalipo," Sunku anasema, na kweli ungalipo, na Nikka bado amepiga magoti, ameshika mguu wa mtu yule kwa mikono miwili, na hawezi tena kumchukia.