Kondoo wa Sajini Uthman

Nerima, mtaalamu wa maabara ya hospitali, hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini bakteria hawa walidai kubembelezwa. Walikuwa wamevamia utando wa ubongo wa Acen, binti wa miaka mitatu wa Konstebo Okeny, na dawa ya kwanza ilikuwa imeshindwa.

"Zimebaki dawa mbili," daktari alisema. "Nisipojua ipi inawaua, nitakuwa napiga ramli. Na tukichelewa, hata akipona atapona kiziwi."

Jana Nerima aliwaotesha kwenye damu ya akiba ya binadamu iliyopita muda wake, maana ndiyo iliyokuwapo. Hakuota hata mmoja. Alijilaumu kidogo tu, muda hakuwa nao. Maji ya uti wa mgongo wa Acen yaliyobaki aliyaweka kwenye kabati la joto, na kila aliyetaja friji alifokewa: "Baridi inawaua! Mnataka nioteshe maiti?"

Alitaka damu ya kondoo, inayowafaa zaidi, tena iliyotoka kuvutwa sasa hivi. Okeny akampeleka mbio kambi ya polisi, Nsambya, kwa jirani yake Sajini Uthman.

"Hapana, sista," Uthman akasema, amemkumbatia kondoo wake shingoni. "Hii ni ya Idd. Ikipata kilema, haifai tena kuchinjwa."

"Afande, wewe umechomwa sindano mara ngapi, na bado u sajini mzima?"

Okeny hakucheka. "Uthman, ni Acen," akasema.

Uthman akamshika kondoo pembe. "Chukua. Lakini polepole."

Nerima alivuta damu kwenye mshipa wa shingo, akaitikisa katika chupa yenye shanga za kioo isigande. Maabarani akaichanganya na ageri, ute wa mwani unaogandisha chakula cha bakteria, akaipasha taratibu mpaka ikawa ya rangi ya chokoleti, akaimimina kwenye sahani. Mabwana hawa hawali damu mbichi, lazima wapikiwe! Akapanda maji ya mgongo juu yake, akapachika vikaratasi viwili, kila kimoja na dawa yake, akaifungia sahani ndani ya mtungi pamoja na mshumaa unaowaka. Mshumaa ulipokosa hewa, ukazimika. Ndivyo alivyotaka: mabwana hawa hupenda hewa nzito inayoachwa na mshumaa.

"Wataota," akamwambia Okeny. "Nenda ukakae na mwanao."

Asubuhi vidoa vya kijivu vilikuwa vimejaa sahani, ila kuzunguka kikaratasi kimoja palikuwa patupu kabisa. Nerima akapiga kigelegele, akakimbia wodini na jina la dawa hiyo, koti likipepea.

Siku ya Idd homa ilikuwa imekwisha na Acen anakunywa uji, lakini akiitwa haitiki. Okeny alipiga makofi nyuma yake mpaka viganja vikauma. Nerima, aliyekuwa na uhakika wa kila kitu, siku hiyo aliogopa hata kumtazama.

Ndipo Uthman akatokea nje ya dirisha, kanzu nyeupe, anamvuta kondoo. Alitaka sista aone kwa macho yake kwamba mnyama hana kilema. Kondoo akagoma, akalia kwa nguvu.

Acen, aliyekuwa amelipa dirisha mgongo, akageuza kichwa.

"Baba," akasema, "kondoo analilia nini?"