Tambi za Bi Remedios

Vangie alikuwa na donge moja tu rohoni, nalo alilitiwa na mama yake mzazi. Bi Remedios alikuja Dubai kutembea, na tangu ashuke kwenye ndege hakuacha kusema kwamba Wafilipino wakikaa sana ughaibuni husahau kwao. Alisema akitazama mapazia, akitazama sufuria, akimtazama bintiye. Vangie, aliyesomesha wadogo zake wote kwa kazi ya kliniki pale Oud Metha, aliingoja sikukuu.

Sikukuu ya Mtoto Yesu, msimamizi wa mji wao, mwaka huo iliangukia siku ya kuzaliwa ya Bi Remedios. Vangie aliapa kuiandaa kama ya nyumbani haswa: sanamu ya Mtoto kwenye joho jekundu, mishumaa, wageni tele, na tambi. Kwao mwenye siku ya kuzaliwa hupikiwa tambi ndefu zisizokatwa, maana urefu wake ndio urefu wa umri anaoombewa.

Ijumaa ya sikukuu Vangie na mama yake walikwenda misa. Katika fleti yao ya Rashidiya alibaki Khairiya wa Mombasa, mwenzake Vangie wa kazini na wa chumba.

"Nendeni mukasali, Ate Vangie," alisema, akimwita dada mkubwa kwa Kifilipino kama alivyozoea. "Tambi niachieni mimi. Kwetu hazinishindi."

Kweli hazikumshinda. Alizivunjavunja zote, kama zinavyovunjwa Mombasa kabla ya kukaangwa, akazipika na kuku na kamba, zikanukia mpaka kwenye lifti.

Waliporudi na wageni, Vangie alifunua sinia. Hakukuwa na tambi hata moja iliyozidi kidole.

Bi Remedios alichungulia. "Kumbe ndivyo mnavyopika huku," alisema kwa lugha yao, na wageni wakainamisha macho.

Khairiya hakuelewa maneno, lakini nyuso alizielewa. Tabasamu likamkauka.

Ilikuwa rahisi kusema kwamba aliyepika si mwenzetu, hajui. Neno lilishafika ulimini. Vangie akamtazama msichana wa watu, aliyesimama motoni tangu asubuhi kwa sikukuu isiyo ya dini yake, akalionea aibu neno lile kabla halijatoka.

"Ndiyo, Mama, ndivyo tunavyopika huku," alisema, mgongo umenyooka. "Nilipokwenda kanisani kukuombea, Mwislamu huyu alibaki kukupikia. Ni mdogo wangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sikukuu ni ya kila aingiaye, na mimi sijasahau."

Kisha akamweleza Khairiya habari ya tambi na umri. Khairiya akashika mdomo.

"Yarabi, nimemkatia Lola maisha."

Bi Remedios, ambaye Khairiya alimwita Lola, yaani nyanya kwa Kifilipino, alitaka kujua amesema nini. Alipotafsiriwa maneno hayo, alimnyooshea Khairiya mkono. Kwa desturi ya Kifilipino mkono wa mzee hugusishwa kipaji cha uso. Khairiya aliubusu, kama anavyoubusu wa nyanyake, na hakuna aliyemsahihisha.

Bi Remedios akaketi, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Akamrudishia Khairiya sahani ile.

"Mwambie aniongeze," alimwambia bintiye. "Kama ni fupi, basi itabidi nile nyingi."

Vangie alitafsiri kwa sauti kubwa, ili hata waliokuwa kwenye korido wasikie.