Jino Lililomshtaki Mkwe

Yudith hakuwa mtu wa kusingizia watu ovyo. Alitaka ushahidi, na safari hii ushahidi alikuwa nao mdomoni.

Kila alipokunywa kitu cha baridi nyumbani kwa mwanawe Mazengo, pale Miyuji, Dodoma, jino la juu kushoto lilimruka kama limeguswa na waya wa umeme. Maumivu yalipanda shavuni hadi chini ya jicho, yakamwacha kafumba macho, mkono umeshika taya. Lakini akivuka njia kwenda kwa jirani yake Rukia, akanywa chai na kula muhogo, jino lilitulia tuli kama si lake. Sasa kama jino ni bovu, mbona lichague nyumba? Ubovu gani huo wenye adabu kwa jirani na fujo nyumbani?

Jibu la Yudith lilikuwa moja: Lea.

Lea ni mke wa Mazengo, binti wa wakulima wa zabibu wa Hombolo, karani katika ofisi moja mjini. Friji ya nyumba ile ilikuwa yake. Wazazi wake walimpa siku walipomuaga kwenda kuolewa. Kila cha baridi kilichopita kooni kwa Yudith kilitoka kwenye friji ile, kwa mkono ule. Rukia hakuwa na friji. Wewe unayesoma umeshaona kasoro iko wapi, lakini Yudith hakuwa akitafuta kasoro. Alikuwa akitafuta mtu.

Na hakuanzia kwenye jino. Tangu afiwe na mumewe, akaacha mashamba yake ya alizeti kule Mlali na kuja kukaa kwa mwanawe, aliona mkwe huyu ana tabia ya kuteta. Lea alipenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, upande wa kushoto wa kiti cha mama mkwe wake. Kwa vile alilelewa vizuri, hakumkodolea macho mkwewe. Aliinamisha uso na kusema kwa upole. Yudith aliona midomo inacheza, sauti haifiki. Mtu anayesema bila sauti mbele ya mkwe wake anasema nini, kama si kumlaani? Halafu kulikuwa na mlio sikioni, kama wa nyenje, usiokoma mchana wala usiku. Halafu kizunguzungu, ambacho kilishamwegemeza ukutani zaidi ya mara moja akielekea chooni.

"Mtu harogwi jino peke yake," alimwambia Rukia. "Nimezungukwa."

Rukia, ambaye alipenda habari kuliko chai, alitikisa kichwa. "Mama Mazengo, kikulacho ki nguoni mwako."

Maneno hayo Yudith aliyabeba kama kapewa hati.

Kwao Mlali, anayekukaribisha pombe huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Wanasema anatoa uchawi. Ni desturi ya heri, inafanywa kwa tabasamu, na mgeni hucheka. Siku moja ya Jumamosi Lea alileta juisi ya ubuyu kutoka kwenye friji, bilauri inatoa jasho. Yudith hakuipokea.

"Onja kwanza," alisema, na hakutabasamu.

Lea alimtazama kidogo, akainua bilauri, akapiga funda kubwa. Hakukohoa wala hakuanguka. "Karibu, mama," alisema.

Yudith akanywa. Jino likaruka, akaumia mpaka machozi yakamtoka.

Hapo mtu mwingine angesema, basi, msichana wa watu hana hatia. Yudith yeye alifikiri zaidi, na kufikiri zaidi ndiko kulikomponza. Kama Lea kanywa na hakudhurika, maana yake kajikinga. Nani atengeneze sumu asijitengenezee na kinga? Kuanzia siku ile kila dalili ya usafi wa Lea aliihesabu kuwa ujanja wake.

Mazengo alimpeleka mama yake kwa daktari wa meno, dada mmoja mpole aitwaye Priska. Daktari aligongagonga jino, akalipiga picha, akasema jino ni zima kabisa na hatoling'oa. Jino zima liume vipi? Yudith alitoka pale na hakika kwamba hata daktari hajui kazi. Akatafuta mahali pengine, kwa bwana ambaye hakuuliza sana, jino likang'oka. Alirudi nyumbani na pengo lake, mwenye furaha kama aliyeshinda kesi. Furaha ile haikudumu. Lea alitoka Hombolo na zabibu, akazipoza, akampa mama mkwe wake kishada kizuri. Tunda la kwanza tu, maumivu yakarudi palepale, safari hii kwenye jino la jirani.

"Uchawi umehama chumba," Yudith alisema moyoni, na aliogopa kwelikweli. Usicheke. Alikuwa mjane katika nyumba isiyo yake, anaumwa na ugonjwa ambao daktari hauoni, na aliamini kwamba anayempikia anamuua polepole. Alikuwa akila kwa hofu kila siku.

Kilicholipua yote ni simu. Jioni moja Lea alisimama mlangoni akiongea na ndugu yake, na Yudith, aliyekuwa amempa mgongo, alidaka maneno mawili matatu: "Ngoja kidogo... nimeshamwekea mama... dawa."

Jumapili baada ya ibada aliwakalisha mwanawe na mkwewe sebuleni.

"Mazengo, muulize mkeo ananiwekea dawa gani."

"Dawa?" Lea alishangaa. "Mama, dawa gani?"

"Nimekusikia kwa masikio yangu, kwenye simu. Umesema umeniwekea dawa."

Lea alirudisha mawazo kwenye siku ile. Kisha akashika kichwa. "Nilisema kunawa! Dada alikuwa kwenye simu, nikamwambia angoje, nimekuwekea maji ya kunawa. Si nilikuletea beseni, mama?"

"Kunawa!" Yudith alicheka kicheko kikavu. "Haya, na jino nalo linanawa?"

"Mama, husikii vizuri upande huu. Hata simu siku hizi unapokelea sikio la kulia. Nilimwambia Mazengo tangu kabla ya mvua, nikasema tumpeleke mama akapimwe sikio. Muulize."

"Sasa mimi ni kiziwi! Umesikia, Mazengo? Kwanza mchawi hana haya, sasa na mimi ananipa ulemavu."

Wanawake wawili walimgeukia Mazengo. Na Mazengo, mwanamume mzima, mwenye funguo za nyumba mfukoni, alitazama zulia. Alijua kwamba Lea alimwambia. Alijua pia kwamba aliyejibu "huo uzee tu" ni yeye. Neno moja lake lingetosha.

"Basi, yaishe," alisema.

Lea alingoja kuona kama kuna lingine. Hakukuwa na lingine. Alikwenda chumbani, akatoka na mkoba wa nguo, akamuaga mama mkwe kwa heshima zote na kushika njia ya Hombolo. Ndoa ilivunjika pale, au ilikuwa imeshika mlango inataka kutoka.

Yudith alishinda. Siku iliyofuata, jua la Dodoma likiwa limepanda, alifungua friji kwa mkono wake mwenyewe, akatoa chupa ya maji aliyoijaza mwenyewe, akanywa kwa raha ya mtu aliyebaki na nyumba yake.

Jino likaruka.

Alikaa chini sakafuni. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Lea ameacha kitu ndani ya friji. Akaondoka, akaenda dukani kwa Mbwana, akanunua soda ya baridi na kusimamia kizibo kikifunguliwa mbele ya macho yake. Jino likaruka tena. Alimtazama Mbwana kwa jicho baya sana, na Mbwana, ambaye hakujua amekosa nini, alimwongezea pipi. Naye Mbwana yumo? Lea kampa nini Mbwana? Na kiwanda cha soda je? Hapo ndipo tuhuma, ambayo ilikuwa imekua vizuri ikila na kunenepa, ilipoanza kumlemea mwenyewe. Haiwezekani Miyuji nzima inamroga mjane mmoja wa Mlali.

Alirudi kwa Daktari Priska, safari hii peke yake. Daktari aliangalia pengo, akasikitika, kisha akauliza jambo ambalo halikuhusu meno.

"Mama, sikio la upande huu linasikia sawasawa?"

Yudith akakauka. "Nani kakwambia habari za sikio? Lea kafika mpaka hapa?"

"Lea ni nani?"

Daktari alimwomba afumbe macho, akasugua vidole vyake karibu na sikio la kulia. Yudith alisikia mchakacho. Kisha kimya.

"Sasa hivi unasikia?"

"Umeshaanza?"

"Nimeshamaliza, mama," alisema daktari taratibu. "Nilisugua muda mrefu tu, kushoto."

Yudith alifumbua macho. Vidole vya daktari vilikuwa bado karibu na shavu lake. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, na nyuma ya aibu ikaja hofu nyingine, isiyo na mtu wa kuisingizia.

Alipelekwa hospitali kubwa, akaingizwa kwenye mashine ya kupiga picha za kichwa inayogonga kama fundi bati. Mazengo alikuwa naye daktari alipoeleza. Kuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kutoka sikioni. Si saratani, na inaelekea umekua polepole kwa miaka. Ndio unaoziba sikio, ndio unaoleta mlio na kizunguzungu. Na umefika mahali pa kubana mshipa mwingine, ule wa uso na meno, kwa hiyo baridi kidogo tu mdomoni inapokelewa kama kisu. Jino halikuwa na kosa. Wataalamu wa upasuaji watakaa waamue la kufanya.

"Kwa hiyo jino langu nililing'oa bure," alisema Yudith.

"Bure, mama," alijibu daktari.

Jino halikuwa peke yake katika vilivyong'olewa bure, na Mazengo aliyekaa pembeni yake alilijua hilo. Walipofika nje, Yudith alisema wasipitie nyumbani.

Hombolo, mama yake Lea aliwapokea kwa salamu ya adabu ya Kigogo, "mbukwenyi," na uso usiocheka. Akawapa viti uani, akamwita bintiye. Lea alikuja, akamwamkia mama mkwe, akaketi kushoto kwake, uso chini.

Yudith hakuzunguka. Alisema ni mgonjwa, akataja ugonjwa wenyewe. Alisema amemwita mtoto wa watu mchawi mbele ya mumewe, na kwamba mtoto huyo ndiye pekee aliyeona kwamba hasikii. "Nimekukosea, Lea. Nakuomba radhi, mimi mzazi wako."

Lea alijibu. Midomo ilicheza muda mrefu. Sauti haikufika.

Ikamjia Yudith ile hali ya zamani, upesi: ananilaani. Ananisema mbele ya mama yake. Miezi yote ile, mahali sauti ilipokosekana, alikuwa akijaza maneno yake mwenyewe, na kila mara alijaza mabaya. Alishika magoti yake.

"Sijasikia, mwanangu," alisema. Hakuwahi kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu. "Njoo huku, unirudie."

Lea aliinua uso. Akasimama, akahamisha kigoda hadi upande wa kulia, akaketi.

"Nimesema wewe nimekusamehe, mama. Ulikuwa unaumwa, na ulikuwa husikii." Kisha akamtazama mumewe. "Ila Mazengo masikio yake ni mazima."

Mazengo alimwangalia mama yake, kama alivyozoea tangu utoto, akingoja amsemee.

"Usinitazame mimi," alisema Yudith. "Mjibu mkeo."