Sauti Iliyobaki Kwenye Kanda

Hivi wewe, umewahi kusikia sauti yako mwenyewe ikitoka kwenye kisanduku, ukajishangaa kumbe ndivyo unavyosikika? Watoto wa darasa la tano pale Kitaya walizisikia zao mwaka wa tisini na tisa, wageni walipomwachia Mwalimu Helena redio kaseti. Redio nyeusi, mkono wake umefungwa kwa kamba ya katani, betri zake zikianikwa juani kila asubuhi sambamba na makopa ya muhogo.

Helena alikuwa mtu wa kuja, Mngoni wa Songea, ila alikuwa amekaa hapo mpaka akajua kumenya ming'oko, vile viazi vya porini, kwa meno. Watoto nyumbani walisema Kimakonde, na Kiswahili chao darasani kilikuwa cha kunong'ona. Akaona wakijisikia wenyewe, haya itawatoka. Basi akaita majina huku kanda inazunguka, na kila mmoja akajibu, "Nipo, mwalimu!" Alipowarudishia wasikilize, darasa likalipuka.

"Msikieni Amiri, kama bata aliyekanyagwa!" Jafari alidakia.

"Na wewe je? Unakoroma huku uko macho!"

Jina moja tu halikujibiwa siku ile. Mwanahamisi alikuwa bado mtoni. Kwenye kanda Helena anaita, "Mwanahamisi Shabani," kisha kimya, kuku anasikika kwa mbali, kisha jina linalofuata. Mtoto alipofika akakuta amekosa, alilia mpaka kwikwi. Helena akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamwahidi watarudia.

Hawakurudia. Masika yalipokolea, Mwanahamisi alikwenda kuteka maji Ruvuma asirudi. Ndoo ilikutwa ukingoni, imejaa, kata inaelea juu yake ikizunguka polepole, kama mtu kaiachia sasa hivi. Wanaume walitafuta kwa mitumbwi mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Mwili haukuonekana.

Pale kijijini, mtu akifa jina lake halitajwi kwa sauti mpaka arobaini ipite. Likitajwa, wanasema, mwenyewe atadhani anahitajika. Helena aliliheshimu hilo. Asubuhi akiita majina, akifika pale huliruka.

Lakini mashine haikuwa imefiwa.

Adhuhuri moja, jua limekaa juu ya bati mpaka misumari inalia, alitaka kuwasikilizisha somo la kusoma. Kanda ikarudi nyuma kupita alipotaka, na kabla hajakiona kitufe, sauti yake mwenyewe ikaita, "Mwanahamisi Shabani."

Kimya. Kuku kwa mbali.

"Nipo, mwalimu."

Sauti ndogo, yenye maji ndani yake, kama ya mtu anayesema huku kainamia mtungi.

Hakuna aliyecheka. Jafari ndiye aliyefika kwenye redio na kuizima. Vidole vyake vilivijua vile vitufe kuliko vya mwalimu.

"Mwalimu, siku ile hakuwepo."

"Najua, Jafari. Kaa chini."

"Sasa kaitika nani?"

"Nimesema kaa chini, mwanangu."

Mwalimu mkuu, Mathayo, alisema ni betri. "Zikiisha nguvu sauti zinaburuta. Huyo atakuwa Amiri tu." Ila hakuomba kusikilizishwa. Wazee wa kijiji hawakubishana: kanda ichomwe Ijumaa, baada ya swala.

Helena alikubali, na usingizi ukampotea. Alikuwa akijisemea kwamba watoto hawa wataishi na vyombo vingi kuliko hiki, watavijua kwa siku moja, na yeye atakimbia nyuma yao akihema. Ni sawa. Lakini nani atawafundisha hivyo vyombo kunyamaza mahali pa kunyamaza? Kisha anakumbuka: alimwahidi mtoto watarudia. Ahadi ni yake, na aliyeitimiza ni mwingine.

Tangu siku ile, kila adhuhuri, Bi Hawa, mama yake Mwanahamisi, alikuja akakaa kwenye ngazi ya ofisi na bakuli la ming'oko mapajani.

"Karibu ndani, Bi Hawa."

"Starehe, mwalimu."

Basi. Macho yake kwenye kabati lenye redio, pindo la kanga limelowa mpaka magotini, na mvua imeshakatika. Majirani walisema kachanganyikiwa, kwamba hataki hata kusikia habari za arobaini, anauliza kaburi liko wapi. Helena alihisi analaumiwa, akawa anapita mlango wa nyuma.

Ijumaa moto wa makumbi ukawashwa nyuma ya ofisi. Helena alitoka na kanda mkononi, na Bi Hawa akainuka, akamzibia njia.

"Nisamehe, dada yangu," Helena alisema. "Inachomwa sasa hivi. Haitakusumbua tena."

Bi Hawa aliweka bakuli chini, taratibu, asimwage hata mmoja. Akaushika mkono ule wenye kanda. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Wewe ulimwita, akaitika."

"Bi Hawa, ile ni mashine tu..."

"Mimi namwita kila siku pale mtoni, nasimama ndani ya maji, haniitikii. Kwako amesema yupo. Sikuja kukulaumu, mwalimu. Nilitaka umwite tena, umuulize yupo wapi, nikamzike."